Super Mario All-Stars: Gemu Nne za Zamani na Uhuru wa Kuhifadhi Ulipofikia

Super Mario All-Stars ilitolewa na Nintendo nchini Japani mwezi Julai 1993, ikaingia Marekani mwezi uliofuata, na Ulaya ikafika kabla mwaka huo haujaisha. Kaseti moja ya Super Nintendo ilibeba gemu nne ambazo awali zilitengenezwa kwa mashine ya biti 8 iliyoitwa Famicom huko Japani na NES kwingineko. Gemu hizo ni Super Mario Bros. ya 1985, mwendelezo wake wa Kijapani wa 1986 ambao katika mkusanyiko huu umepewa jina la The Lost Levels, Super Mario Bros. 2 ya 1988, na Super Mario Bros. 3 iliyotoka Japani 1988 na Marekani 1990. Zote zilichorwa upya na muziki wake ukapangwa upya ili zifae mashine ya biti 16. Tangu Septemba 2020 mkusanyiko huu unachezeka kwenye Nintendo Switch kwa wenye usajili wa Nintendo Switch Online, na kwa kuwa usajili huohuo una matoleo ya awali ya gemu zote nne, nimeweza kuicheza hatua moja katika umbo lake la zamani na papo hapo kuirudia katika umbo la 1993. Mapitio haya yametokana na ulinganisho huo.

Mtu anayeufungua mkusanyiko huu hutekwa kwanza na picha, na sifa nyingi unazopewa huishia hapohapo. Baada ya kuzirudia gemu zote, msimamo wangu ni mwingine. Kilichozibadilisha gemu hizi kuliko rangi na kuliko muziki ni ruhusa ya kuhifadhi ulipofikia, na kila moja kati ya hizo nne imeguswa na ruhusa hiyo kwa namna yake.

Hata hivyo, picha zinastahili kuzungumziwa kwanza, kwa sababu kazi iliyofanyika ni kubwa. Gemu ya 1985 ilikaa ndani ya kilobaiti 40 tu, programu na michoro pamoja, na ufinyu huo uliwalazimu wabunifu wake, Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, kubana kila kitu. Mfano unaojulikana zaidi ni mawingu na vichaka: ukitazama kwa makini toleo la awali, utaona kwamba kichaka kilichoota ardhini ni wingu lilelile la angani lililopakwa rangi ya kijani. Katika All-Stars kila kimoja kimechorwa peke yake, nyuma yake kuna vilima vinavyosogea polepole kuliko ardhi anayokanyaga Mario, na anga iliyokuwa rangi moja tupu sasa ina kina. Luigi, ndugu yake Mario, ambaye katika gemu ya kwanza alikuwa Mario yuleyule aliyebadilishwa nguo, amepata umbo lake mwenyewe, mrefu na mwembamba. Muziki wa Koji Kondo umepewa besi nzito na mwangwi, na hilo linasikika zaidi katika hatua za chini ya ardhi, ambako zile noti chache zilizozoeleka sasa zinasikika kama zinapigwa ndani ya pango kweli.

Hata ukurasa wa kwanza umefanyiwa kazi kwa upendo. Skrini inaanza ikiwa na giza, wahusika wanaonekana kwa vivuli tu huku ukisikia minong'ono na vicheko, halafu taa inawashwa na wote wamesimama mbele yako, marafiki na maadui pamoja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Super Mario Bros. ya awali ilikupa roho tatu, dunia nane zenye hatua nne kila moja, yaani hatua 32 kwa jumla, na ukiishiwa roho unaanza upya tangu mwanzo. Kulikuwa na njia ya kurudia kuanzia dunia uliyofia, kwa kushikilia kitufe cha A huku ukibonyeza Start, lakini skrini haikukuambia, kwa hiyo wengi walicheza miaka bila kuijua. Ukizima mashine, kila kitu kimepotea. Mpangilio mzima wa gemu ulitegemea ukweli huo. Yale mabomba ya njia ya mkato mwishoni mwa hatua ya 1-2, yaani hatua ya pili ya dunia ya kwanza, ambayo mtu huyafikia kwa kupanda juu ya dari ya matofali na kutembea nje ya ukingo wa juu wa skrini, yaliwekwa kwa ajili ya mchezaji ambaye keshazimaliza hatua za mwanzo mara nyingi na hana sababu ya kuzirudia tena kila anapowasha mashine. Mikato hiyo ilikuwa zawadi kwa mwenye kumbukumbu nzuri.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kulielewa jambo hili. Wengi walioijua gemu ya kwanza huku kwetu waliijua kupitia mashine za kuiga Famicom zilizotoka Asia, zile ambazo kaseti zake zilibandikwa karatasi yenye idadi kubwa ya gemu isiyoaminika, na kumbe ndani gemu zilezile zimerudiwarudiwa. Mario alikuwa akitokea katika orodha hiyo mara kadhaa kwa majina tofauti, na kila jina lilianzia mahali tofauti: moja dunia ya kwanza, jingine dunia ya tatu, jingine mbele zaidi. Waliotengeneza kaseti hizo walitaka tu kuongeza hesabu, lakini kwa mtoto aliyetakiwa kuiachia runinga ifikapo saa mbili usiku kwa ajili ya taarifa ya habari, au aliyekatikiwa umeme akiwa dunia ya tano, orodha ile ilifanya kazi ya kuhifadhi. Alichagua jina analolijua na kuendelea karibu na pale alipokatizwa.

All-Stars ililifanya hilo kwa njia halali. Kaseti ya 1993 ilikuwa na betri ndani yake, kila gemu ilipewa nafasi nne za kuhifadhi, na ukisimamisha mchezo unaulizwa kama unataka kuhifadhi na kuendelea au kuhifadhi na kuacha. Katika gemu ya kwanza unarudi mwanzoni mwa dunia uliyofikia, tena ukiwa na roho tano badala ya tatu. Matokeo yake ni kwamba dunia ya tano, ya sita na ya saba, ambazo kwa wengi zilikuwa nchi ya kupita haraka au ya kurukwa kabisa, sasa zinachezwa. Nilipozipitia moja baada ya nyingine niliona jinsi wabunifu walivyokuwa wakichukua kitu ulichokwisha kukijua, sema daraja lenye samaki wanaoruka, na kukirudisha baadaye kikiwa na mtego mmoja zaidi. Mtu anayerukia dunia ya nane kupitia mikato haoni mazungumzo hayo kati ya hatua na hatua. Kuna msaada mwingine mdogo ambao nauunga mkono bila kusita: katika zile ngome zenye njia za kuzunguka, ambako ukikosea unarudishwa mwanzo wa ukumbi bila kuelezwa kosa lako, All-Stars inatoa mlio unapochukua njia sahihi na mlio mwingine unapokosea. Ugumu umebaki palepale, ila dhuluma imeondoka.

Gemu inayonufaika kuliko zote ni The Lost Levels. Huko Japani ilitoka 1986 kwa diski za Famicom ikiitwa Super Mario Bros. 2, na tawi la Marekani la Nintendo likaona ni ngumu mno kwa wachezaji wa huko, hivyo likaiacha. All-Stars ndiyo iliyoifikisha rasmi nje ya Japani kwa mara ya kwanza, na kwa sababu hiyo pekee mkusanyiko huu una thamani ya kihistoria. Ni gemu iliyotengenezwa kwa watu walioimaliza ya kwanza hadi wakaichoka. Tangu hatua ya kwanza kabisa kuna uyoga wa sumu unaotoka ndani ya boksi lenye alama ya kuuliza na kukuumiza badala ya kukukuza. Katika toleo la awali ulifanana sana na uyoga mwema, na All-Stars ikauwekea alama ya fuvu ili usidanganyike. Kuna upepo unaomsukuma Mario akiwa hewani. Kuna springi zinazomrusha juu hadi anatoweka kwenye skrini, na wewe unabaki kukadiria ataangukia wapi. Kuna bomba la mkato katika hatua ya 3-1 ambalo linakurudisha dunia ya kwanza, na ukishaingia chumba chake huna pa kutokea isipokuwa kulikubali au kupoteza roho.

Katika diski ya 1986, gemu hii ilikuwa ya kukatisha tamaa. All-Stars inakuruhusu kuhifadhi kila hatua, na hapo ndipo tabia yake inapogeuka. Kila hatua inakuwa fumbo linalojitegemea: unashindwa, unajaribu tena, unagundua kwamba adui aliyekaa pembeni mwa shimo hakuwekwa pale kukuua bali ni kigingi unachotakiwa kumkanyaga ili uvuke. Kuna mahali pengi ambapo shimo ni pana kupita uwezo wa mruko wa kawaida, na njia pekee ni kumtua Mario juu ya kobe mwenye mabawa aliye katikati ya safari, kwa wakati usiozidi nusu ya pumzi. Ukimchagua Luigi unapata mruko mrefu zaidi, lakini viatu vyake vinateleza, kwa hiyo kila anapotua lazima uanze kufunga breki kabla hajafika chini. Dunia za ziada A hadi D, ambazo zamani zilihitaji kuimaliza gemu mara nane, hapa zinafunguka baada ya kuimaliza mara moja. Hii ndiyo gemu niliyotumia muda mwingi zaidi kuliko nyingine, na naitetea mbele ya kila anayesema ni ya mateso tu. Ni kali, lakini ndani ya All-Stars ukali wake una mpaka unaojulikana.

Lakini mkusanyiko huu una kasoro moja, na imo katika gemu hizohizo mbili za kwanza. Mario mkubwa anapolipiga tofali kwa kichwa katika toleo la 1985, tofali linavunjika na yeye anarudishwa chini mara moja. Mkono wa mchezaji huzoea kipimo hicho bila kufikiri: unaruka chini ya mstari wa matofali, unavunja moja, unatua, unaruka tena. Katika All-Stars tofali linavunjika lakini Mario anaendelea kupanda kana kwamba hapakuwa na kitu, na wakati mwingine anaingia katika pengo alilolifungua, akagonga tofali jingine au akatua juu ya mstari ambao hukukusudia kuupanda. Anayekuja kwenye gemu hii kwa mara ya kwanza hatagundua lolote. Anayeijua atahisi kama mtu aliyerudi katika nyumba ya utotoni iliyopakwa rangi nzuri na kukuta ngazi moja imebadilishwa kimo: jicho halioni, mguu unajua. Gemu za kurukaruka majukwaani zinasimama juu ya uzito wa mruko. Kimo kinachotegemea muda ulioshikilia kitufe, kasi inayoongeza urefu wa mruko, uwezo wa kumrudisha Mario nyuma kidogo akiwa bado hewani, hivyo ndivyo vilivyoifanya gemu ya 1985 kuwa mwalimu wa zilizofuata. Kuugusa mruko huo, hata kwa jambo dogo kama tofali, ni kugusa msingi. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba hatua ya 1-1 ichezwe kwanza katika toleo la NES, ili mtu amwone adui yule wa kwanza akija kutoka kulia, boksi la kwanza, na uyoga unaogonga bomba na kurudi kwa mchezaji hata kama alitaka kuukimbia, vyote katika umbo lililompa mchezaji somo bila maneno.

Nitaipitia Super Mario Bros. 2 kwa haraka zaidi. Asili yake ni gemu nyingine, Yume Kōjō: Doki Doki Panic ya 1987, iliyotengenezwa na Nintendo kwa ushirikiano na kituo cha Fuji TV, kisha wahusika wakabadilishwa na kuuzwa Marekani kama gemu ya Mario. Hapa humkanyagi adui akafa. Unapanda juu yake, unambeba, unamrusha. Unang'oa mboga ardhini na kuzitumia kama silaha. Kuna dunia saba zenye hatua 20, na wahusika wanne: Mario wa wastani, Luigi wa kuruka juu, Toad mwenye nguvu za kubeba haraka, na binti mfalme anayeelea hewani kwa muda mfupi. Zamani ulimchagua mhusika mwanzoni mwa hatua na kukwama naye. All-Stars inakuruhusu kubadilisha kila unapopoteza roho, na mabadiliko hayo yameifanya gemu iwe tajiri zaidi, kwa sababu sasa kushindwa kunakuwa nafasi ya kulijaribu shimo lilelile kwa miguu mingine. Picha mpya zimeifaa kuliko zote nne, maana ilikuwa na mandhari ya jangwa, barafu na maporomoko ya maji iliyokuwa ikisubiri rangi. Hata hivyo mapambano na mabosi, yaani maadui wakuu wa mwisho wa hatua, yanafanana mno, hasa yale ya Birdo anayetema mayai, na ukicheza kwa muda mrefu mfululizo uchovu unaingia.

Super Mario Bros. 3 ndiyo kilele, na ndiyo gemu ambayo kukosa kuhifadhi kuliitesa zaidi ilipokuwa kwenye NES. Ina dunia nane, kila moja na ramani yake, ngome zake na merikebu yake ya angani, na hakuna mtoto aliyeweza kuimaliza yote kwa kikao kimoja bila mashine kuachwa ikiwaka kutwa. Ndiyo maana filimbi za siri, zinazokupeleka dunia za mbele, zilikuwa habari ya thamani kubwa miongoni mwa wachezaji. Kwa kuwa All-Stars inakumbuka dunia uliyofikia, filimbi zimeshuka thamani, na nafurahi kwamba zimeshuka. Anayepuliza filimbi anaikosa dunia ya nne, ambako maadui uliowazoea wamekuwa wakubwa kama nyumba. Anakikosa pia kiatu cha kijani cha hatua ya 5-3, ambacho Mario anaingia ndani yake na kurukaruka juu ya miiba bila kuumia. Kiatu hicho kinaonekana katika hatua hiyo moja tu ya gemu nzima. Wabunifu waliwaza kitu cha kufurahisha namna ile, wakakitengeneza kikamilifu, wakakitumia mara moja na kuendelea na wazo jingine. Ukarimu huo ndio unaoitofautisha gemu ya tatu na karibu kila gemu ya aina yake niliyowahi kucheza.

Katika gemu hii picha mpya zimechukua kitu fulani. Toleo la awali linaanza kwa pazia kufunguliwa, mabonge ya rangi yana vivuli na misumari kama mapambo ya jukwaani, na Miyamoto mwenyewe amethibitisha kwamba gemu nzima ilikusudiwa ionekane kama tamthilia. Anga tupu ya NES iliifanya dhana hiyo isomeke kwa urahisi. All-Stars imejaza mandhari nyuma, na ingawa ni nzuri kwa macho, ukumbi wa maonyesho umegeuka kuwa nchi ya kawaida.

Kuhusu namna ya kuupata mkusanyiko: usajili wa Nintendo Switch Online wa mtu mmoja ni dola 19.99 za Marekani kwa mwaka, na hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza. Programu yake inaongeza uwezo wa kusimamisha mchezo mahali popote na kuurudisha nyuma kwa sekunde kadhaa. Kusimamisha nakukubali kwa moyo wote. Kurudisha nyuma nashauri kuachwe kando unapocheza The Lost Levels, kwa sababu mruko uliosahihishwa baada ya kukosewa haumfundishi mkono chochote, na gemu ile haina kingine cha kukupa zaidi ya mafunzo ya mkono. Anayetaka kaseti halisi ya Super Nintendo aulize kwanza kuhusu betri, maana betri ya umri huo ikiisha nguvu hifadhi zote hufutika, na mtu anabaki na gemu yenye picha mpya na mateso ya zamani. Diski ya Wii, mashine nyingine ya Nintendo, iliyotolewa 2010 kuadhimisha miaka 25 ya Super Mario Bros. ilikuja na kijitabu cha historia na CD ya muziki, lakini gemu zenyewe hazikuongezewa chochote, kwa hiyo ni ya wakusanyaji.

Suala la padi nalo lina uzito wake. Kwenye NES, kitufe cha kukimbia na cha kuruka vimekaa sambamba, na kidole gumba kinalala juu ya vyote viwili bila taabu. All-Stars ilitengenezwa kwa padi ya Super Nintendo, ambako Y ya kukimbia na B ya kuruka zimekaa kwa mshazari. Kwa mkono uliozoea NES inachukua muda kidogo, lakini ukishazoea utaona mshazari huo unafuata mkunjo wa kidole vizuri zaidi, hasa katika Super Mario Bros. 3 ambako unalazimika kushikilia kukimbia kwa muda mrefu ili mkia wa rakuni anaouvaa Mario upate nguvu ya kumpaisha.

Kwa wanaocheza wawili, gemu ya kwanza na ya tatu zinachezwa kwa zamu, mmoja Mario na mwingine Luigi, ilhali The Lost Levels na ya pili ni za mtu mmoja. Mashindano ya ana kwa ana, yanayofuata mtindo wa Mario Bros. ya 1983 ambapo wachezaji wanagombea maadui wanaotoka mabombani, zamani yalijificha ndani ya ramani ya gemu ya tatu. Hapa yamewekwa katika orodha ya mwanzo na yanaweza kuchezwa yenyewe bila kuigusa safari mliyoihifadhi.